Makaa ya mawe, dizeli na stima yetu Lamu: jibu refu kidogo

Mdogo wangu wa Kizingitini, umeuliza mawili. Moja, kwa nini watu wa Lamu walikataa ule mtambo wa makaa ya mawe na hali stima yakatika kila mara, na Ulaya wenyewe walijengea nchi zao makaa. La pili, kama jenereta ya mashine yako ya barafu uiuze uweke sola. Mimi ni fundi wa umeme hapa Amu, mji wa Lamu, tangu zile siku mji wote waendeshwa na majenereta ya dizeli, kabla laini kubwa ya stima kutoka Rabai, karibu na Mombasa, haijapita Malindi na Garsen ikatufikia, basi nakujibu kwa nilivyoyaona.

Kwanza dizeli tusiitukane. Aliyesomea koroboi hawezi kuitukana. Uzuri wake mkubwa ni kuwa waiwasha saa uitakayo. Saa moja jioni mpaka saa tatu hivi ndipo Kenya nzima yatumia stima sana, na saa hizo jua lishazama, lakini jenereta haina habari na jua wala upepo, ukiitia mafuta yaenda. Halafu mtambo mdogo waushusha kwa jahazi, waufunga, kazi yaanza, hautaki bwawa wala mvuke wa ardhini kama Olkaria. Na mwaka 2000 ukame ulipokausha mabwawa ya Tana, nchi ikapewa stima kwa zamu, ni majenereta ya kukodi ndiyo yaliyoziba pengo. Hilo ni kweli na anayelificha hakutendei haki.

Sasa shida iko kwenye hesabu. Lita moja ya dizeli yatoa kama uniti tatu za stima, tena injini iwe nzima na mzigo uwe wa kutosha. Chukua lita kwa shilingi 170, hapo uniti moja ishakula kama shilingi 57 za mafuta peke yake, bado oili, filta, mlinzi na nauli ya pipa kuvuka maji. Kule Faza kwenye mtambo wa dizeli mteja halipi hivyo, alipa bei moja na mtu wa Nairobi, tofauti inabebwa na wateja wote wa nchi. Ndiyo ile ada ya mafuta kwenye bili au ukinunua tokeni. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine mafuta yakapanda dunia nzima, na mvuvi wa Pate ambaye hana ugomvi na mtu akaisikia mfukoni. Mimi hili laniuma kuliko moshi, kwa kweli.

Makaa ya mawe ni jambo jingine kabisa, usiyachanganye na jenereta ya mtaani. Ule mtambo wa makaa tulioukataa, wa Kwasasi hapa Lamu, ulipangwa uwe wa megawati 1,050, na wakati huo Kenya nzima kwenye kilele cha matumizi haikuwa inafika megawati 2,000. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, tulipe kama dola milioni 360 kwa mwaka kwa mtambo kuwa tayari tu, hata usipowashwa! Na makaa yenyewe kwa kuanzia yaje kwa meli kutoka Afrika Kusini. Hao wa Ulaya walikuwa nayo chini ya miguu yao, ndiyo maana yaliwafaa, na hata hivyo Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa Septemba 2024. Weka juu yake majivu yenye zebaki na madini ya risasi, maji ya moto kumwagwa baharini karibu na mikoko wanakozalia samaki, na kila uniti kutoa karibu kilo nzima ya hewa ya kaboni. Ajira zingekuwepo, sikatai, lakini wavuvi wetu wangehesabiwa wapi? Jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni Juni 2019, likasema wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikashikilia uamuzi huo. Wenzetu wa Uyombo, Kilifi, nao walipambana na mpango wa nyuklia, ingawa nyuklia haina moshi na hoja zake ni zingine, tuiache siku nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu, mafuta yawe akiba, yasiwe msingi.

Ndiyo maana jenereta yako usiiuze. Weka sola ya kutosha kompresa, ile pampu ya gesi ya mashine ya barafu, gandisha barafu mchana jua likiwa kali, kwa sababu barafu yenyewe ukiifunika vizuri ndiyo betri yako, na betri za kweli bei yake waijua. Jenereta iwake msimu wa mvua ya masika mawingu yakikaa siku nzima, au boti zikiingia na samaki wengi kwa mpigo. Na ukiiwasha ipe mzigo, angalau nusu ya uwezo wake, usiiache inanguruma usiku kucha kwa taa mbili na simu, maana mafuta hayaungui yote, masizi yanaganda ndani na injini inakufa mapema. Kabla ya kununua paneli pima kwanza kompresa yako yavuta ampea ngapi inapoanza kuwaka, si ile namba iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu inapoanza yaweza kuvuta mara tano au zaidi na inveta ndogo, kile kifaa kigeuzacho umeme wa sola uendeshe mashine, itazima. Ukishapata hiyo namba ilete hapa tupige hesabu ya inveta pamoja.