Moto wa makaa urudi? Kwanza tuseme nani alikuwa akiuwasha

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Katika maisha ya kila siku ya miji na vijiji vya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, ni kitu gani kilichopotea ambacho ungependa kirudi?" Majibu mliyokwisha kuyachapa karibu yote yanataja moto wa makaa ya mawe sebuleni: familia imeuzunguka, mkate unabanikwa kwa uma mrefu, birika linachemka. Yameniudhi, wala sifichi. Katika majibu yote hayo moto unakutwa umeshawaka. Hakuna aliyesema nani aliuwasha, saa ngapi, na kwa taabu gani. Basi nitajibu hilo ambalo hamkuliuliza.

Katika nyumba nyingi za safu, zilizoungana kuta, za Lancashire na Yorkshire kaskazini mwa England, na kwingineko, aliyeuwasha mara nyingi alikuwa mama wa nyumba, na ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza alfajiri, wengine wakiwa bado wamejifunika. Alianza na majivu ya jana. Alipiga magoti, akachokonoa wavu wa chuma mpaka yadondokee kwenye trei ya chini, kisha akayachekecha. Vipande vilivyoungua nusu aliviweka kando kwa sababu vinashika moto tena. Majivu laini yalikwenda kwenye pipa la bati uani. Kaa moja jekundu likijificha humo, takataka zote zinaungua.

Kisha kurasa za gazeti, sita au nane, zinasokotwa kwa mafundo yaliyolegea. Ukikaza mno hazipati hewa, utapata moshi mtupu. Juu yake vijiti vikavu kumi hivi vilivyopishanishwa, halafu vipande vya makaa vya ukubwa wa yai pamoja na yale masalia ya jana. Mapande makubwa yangoje, maana ukiyatanguliza yanazima kila kitu.

Dohani iliyolala bila moto imejaa hewa baridi, na hewa baridi ni nzito. Ukiwasha ghafla, moshi unagota hapo na kurudi chumbani. Dawa yake ni kuwasha ukurasa mmoja wa gazeti na kuushikilia juu, kwenye koo la dohani, mpaka mvuto uanze. Ndipo unatia kibiriti chini, pande mbili tatu. Moto ukisuasua, beleshi dogo husimamishwa mbele ya wavu, na ukurasa mzima wa gazeti hutandazwa juu yake uzibe mdomo wa meko, chini pakiachwa nafasi. Hewa yote sasa inalazimika kupita chini ya makaa. Karatasi inavutwa ndani, moto unanguruma. Wengi waliharibu hapa. Katikati ya karatasi pakianza kugeuka rangi ya kahawia, iondoe papo hapo. Ukichelewa inashika na kunyonywa juu ikiwaka, na kama dohani ina masizi mengi, masizi nayo yanashika. Hapo watu walirusha chumvi kwa viganja juu ya makaa na kuziba mdomo wa meko ili kuunyima moto hewa, huku mtu akikimbia kuita zimamoto.

Ndiyo maana msafisha dohani aliitwa mara moja au mbili kwa mwaka. Fito zake ziliungwa kwa skrubu, moja baada ya nyingine, na kila alipozisukuma alizizungusha upande ule ule wa kukaza. Akizungusha kinyume, fito zinafunguka na brashi inabaki imekwama juu. Watoto walitoka nje watazame brashi ikichomoza paani. Masizi hayakutupwa: yaliwekwa mahali pakavu miezi kadhaa, kwa kuwa yakiwa mabichi yanaunguza mimea, halafu yakatiwa bustanini.

Makaa yenyewe yalifika katika magunia ya kilo 51 hivi, mgongoni mwa mchukuzi aliyevaa kinga ya ngozi. Yalimwagwa kwenye banda la uani au, katika mitaa mingi ya London, kupitia tundu la duara lililofunikwa kwa chuma kando ya barabara, moja kwa moja hadi ghala la chini ya ardhi. Mama makini alihesabu magunia matupu kabla ya kulipa. Mgawo wa makaa ulioanza wakati wa vita haukuondolewa mpaka 1958. Mwishoni mwa 1952 serikali iliruhusu chenga za makaa ziuzwe nje ya mgawo, nazo zilitoa moshi mwingi na joto haba. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba mwaka huo hewa ilituama juu ya London, moshi ukakosa pa kwenda. Makadirio ya kwanza yalikuwa vifo 4,000. Watafiti wa baadaye wamefikisha hadi 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilitokana na siku zile, na sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka katika meko haya haya tunayoyalilia.

Na joto lenyewe? Zaidi ya theluthi mbili lilipanda na dohani. Moto ulivuta hewa baridi kupitia kila ufa wa mlango na dirisha, kwa hiyo uso uliiva huku mgongo ukiganda. Wanawake waliokaa karibu nao kila jioni walipata mabaka mekundu yenye umbo la wavu kwenye miundi. Ghorofani hapakuwa na joto lolote. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa na barafu kwa ndani.

Kwa hesabu hiyo jibu ni hapana, usirudi. Lakini huwezi kuzungumzia moto wa Uingereza ukairuka baridi ya 1963, na baridi ile inanivurugia hesabu yote.

Theluji ilianguka kusini mwa England tarehe 26 Desemba 1962. Tarehe 29 na 30 ikaja tufani kusini magharibi na Wales, mirundo ikafika mita sita mahali pengine, vijiji vikakatika kabisa. Wastani wa joto wa Januari 1963 katikati ya England ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri, mwezi wa baridi kuliko yote ya karne ya 20. Bahari iliganda ufukweni Herne Bay, Kent. Oxford, gari liliendeshwa juu ya mto Thames. Raundi ya tatu ya Kombe la FA ilichukua siku 66 kumalizika. Maziwa yaliyoachwa mlangoni yaliganda, malai yakapanda na kusimama juu ya shingo ya chupa, kifuniko cha foili kikiwa kichwani. Asubuhi ya kwanza bila jalidi popote nchini ilikuwa tarehe 6 Machi.

Ndani ya nyumba, vita vilikuwa juu ya mabomba. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na mabomba mengi ya wakati ule yalikuwa ya madini ya risasi, laini, yakapasuka. Siku ya kuganda ufa hauonekani, kwa kuwa barafu yenyewe imeuziba. Dari linaanguka siku barafu inapoyeyuka. Bomba lililopitishwa kwenye ukuta wa nje wa kaskazini ndilo lililokufa kwanza. Choo cha uani kiliokolewa kwa kandili dogo la mafuta ya taa lililowekwa karibu na tangi usiku kucha, na bomba lake likavikwa magunia na magazeti. Kuyeyusha nako kulikuwa na utaratibu: unafungua koki kwanza, unaanzia kwenye koki hiyo, unarudi nyuma kidogo kidogo kwa vitambaa vya maji moto. Anayeanzia katikati kwa kifaa cha fundi cha kupuliza moto hufungia maji ya moto kati ya vizibo viwili vya barafu, na bomba linapasuka mikononi mwake.

Jambo la kutisha zaidi lilikuwa nyuma ya meko. Nyumba nyingi zilikuwa na boila, chombo kidogo cha kuchemshia maji, hapo, mgongoni mwa moto, na maji yake yalizunguka yenyewe kwenda tangi la maji moto na kurudi. Moto ukizimika usiku wa jalidi kali, mabomba ya kwenda na kurudi yanaweza kuganda. Asubuhi mtu anawasha kama kawaida. Maji ya boilani yanachemka, mvuke hauna pa kutokea, boila inalipuka na kubomoa meko pamoja na aliyepiga magoti mbele yake. Kwa hiyo ushauri ulikuwa mmoja: koki za maji moto zikigoma, usiwashe. Na kama moto unawaka, usiuache ufe.

Kuutunza moto usiku kucha si kazi ya kubahatisha. Unavuta makaa mekundu pamoja, unayafunika kwa chenga zilizolowanishwa, maganda ya viazi na majani ya chai yaliyokwisha kutumika, unafunga mlango wa hewa wa chini, kisha unatoboa tundu kwa chuma katikati ya lundo. Tundu hilo ni la lazima. Bila hilo gesi ya makaa inajikusanya chini ya gamba, inashika kwa mkupuo na kutema moto na majivu zuliani. Ukifanya vizuri, asubuhi unachokonoa mara moja na moto unaamka.

Sasa nalazimika kusema lisemwalo na upande wa pili. Katika majuma yale, nyumba zilizolala na moto hai mara nyingi ndizo zilizobaki na maji, hasa pale fundi alipokuwa na busara ya kupandisha bomba ubavuni mwa dohani. Januari ile umeme ulikatwa mara kwa mara, kwa sababu mahitaji yalizidi na wafanyakazi wa umeme walikuwa katika mgogoro wa mishahara. Aliyetegemea hita ya umeme peke yake alikaa gizani na baridi. Meko hayakuhitaji waya. Majivu yale yale yaliyomtesa mama alfajiri yalimwagwa kwenye vijia vilivyoganda ili wazee wasiteleze. Familia zilifunga vyumba vingine zikakaa kimoja. Wanaosema moto uliwakusanya watu hawajasema uongo, ila walikusanywa na baridi iliyokuwa nje ya mlango wa chumba kile.

Kwa hiyo mniandike upande wa ndiyo, ingawa nilianza kinyume. Urudi, lakini uwe akiba ya siku umeme unapokatika. Usiwe mazoea ya kila asubuhi, na anayeutaka ndiye ashughulike na majivu. Usiwe wa makaa ya mawe ya zamani: England imepiga marufuku kuyauza kwa matumizi ya nyumbani, ya mifuko tangu Mei 2021 na ya kumwaga tangu Mei 2023. Tumia makaa yasiyo na moshi yaliyoidhinishwa, au kuni zenye unyevu usiozidi asilimia 20 mahali sheria ya mtaa inaporuhusu. Dohani isafishwe kila mwaka, na king'ora cha kaboni monoksaidi kiwemo chumbani. Kwa ndugu zetu mnaoishi huko, jiko la mkaa tulilozoea lisiingizwe ndani hata kwa saa moja, kwa kuwa mkaa ulioiva hautoi moshi wa kukuonya na nyumba hizo zimezibwa kila ufa.

Na mwenye nyumba ya zamani asikubali fundi aizibe dohani kabisa kwa matofali. Ikiwa haitumiki, iwekewe tundu la hewa chini, mahali palipokuwa na mdomo wa meko, na kofia inayopitisha hewa lakini si mvua kule juu. Ikizibwa juu na chini, unyevu unajikusanya ndani, unachanganyika na masizi ya miaka mingi, na baada ya muda mabaka ya kahawia yanatokeza kwenye ukuta wa sebule, ambayo hayatafutika kwa rangi yoyote utakayopaka juu yake.