Barua kwa mwanangu: kwa nini Ctrl+S inakugandishia skrini

Marahaba baba. Meseji yako nimeiona usiku nikasema hii siijibu kwa voisi noti, ngoja nikae niiandike. Unasema umeweka Ctrl+S isevu faili kwenye Vim (kile kihariri cha maandishi) ya kwenye seva ya kazini, ukaibonyeza skrini ikaganda kabisa mpaka ukafunga dirisha na kuanza upya, af Ctrl+Shift+S uliyotaka ifanye kazi nyingine nayo inagandisha vilevile. Unauliza umekosea wapi kwenye konfigi.

Kwanza seva haijafa. Ikiganda tena bonyeza Ctrl+Q, itaendelea ilipoishia, na vyote ulivyobonyeza katikati vitamwagika kwa mpigo, kwaiyo usiwe unagonga gonga kibodi kwa hasira hapo utajifutia kitu.

Konfigi yako haina shida. Shida ni kwamba kitufe hakiendi moja kwa moja kwenye Vim, kinapita mikononi mwa wengi kwanza: mfumo wa madirisha wa laptopu yako, halafu programu ya terminali yenyewe (lile dirisha la kuandikia komandi), halafu kipande cha ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) kinachoitwa tty, ndo mwisho kabisa bash (inayopokea komandi zako) au Vim. Yeyote kati yao akikidaka, wa nyuma yake hajui hata kama umebonyeza kitu. Ctrl+S yako imedakwa na tty, na kwake maana yake ni "simamisha kutoa maandishi".

Hiyo ni tabia ya tangu enzi za mashine za teletaipu. Teletype Model 33 ya 1963 ilikuwa inachapa herufi 10 kwa sekunde tu na ina kisomaji cha utepe wa karatasi wenye matundu, sasa kompyuta ikizidiwa inatuma alama namba 19 kisomaji kisimame, ikiwa tayari inatuma 17 kiendelee. Alama 19 ndo Ctrl+S na 17 ndo Ctrl+Q. Utepe hakuna tena ila kerneli bado inaiheshimu hiyo sheria mpaka leo hii. Uizime kwa kuweka hii kwenye .bashrc (faili ambalo bash inalisoma ikianza) ya hiyo seva:

[[ $- == *i* ]] && stty -ixon

Hilo sharti la mwanzo usiliache bana, maana watu wanaandika stty peke yake halafu scp (ya kunakili faili kati ya mashine) au skripti zinaanza kulalamika kwa sababu hakuna terminali ya kweli pale. Neovim, ndugu mpya wa Vim, inajizimia yenyewe, hiyo Vim yenu ni ya zamani tu.

Sasa hiyo Ctrl+Shift+S. Hapa ndo wengi wanapotea. Terminali ya kawaida haitumi "mtu kashika Ctrl na Shift na S", inatuma namba moja basi. S kubwa kwenye ASCII (orodha ya namba za herufi) ni 83, ukishika Ctrl inatolewa 64 inabaki 19. s ndogo ni 115, inatolewa 96, inabaki 19 tena. Umeona? Zikifika kwa Vim ni kitu kilekile, hata uandike mistari mia kwenye .vimrc (faili la konfigi ya Vim) haiwezi kuzitofautisha. Kwa hesabu hiyohiyo Ctrl+I ni 9 ambayo ni Tab, Ctrl+M ni 13 ambayo ni Enter, na Ctrl+[ ni 27 ambayo ni Esc, kwaiyo siku ukimap Ctrl+I kwenye terminali usishangae Tab nayo kubadilika tabia. Kuna terminali za siku hizi kama Kitty zina itifaki mpya inayotofautisha hizo, lakini programu ya upande wa pili nayo lazima iielewe, na hiyo Vim ya kizee haitaielewa.

Mi ningekuwa wewe ningeachana na Ctrl+Shift kabisa ndani ya terminali. Weka leader (kitufe cha kutangulia shotikati zako za Vim) iwe nafasi:

let mapleader = " "
nnoremap <leader>w :w<CR>

Unabonyeza nafasi, w, imesevu. Hizo ni herufi za kawaida, hakuna wa kuzidaka njiani, zinafika popote, hata ndani ya tmux (inayogawa terminali moja kuwa nyingi) juu ya ssh (ya kuingia seva kwa mbali).

Kabla hujaweka shotikati yoyote ipime: kwenye bash bonyeza Ctrl+V halafu kitufe unachokitaka, itakuonyesha kinachofika. Ctrl na mshale wa kulia mara nyingi utaona ^[[1;5C. Usipoona kitu, kuna mtu wa juu kakidaka, nenda kwenye setingi za terminali au za desktopu, usisumbuke na Vim.

Ukishaipata hiyo alama unaiweka kwenye .inputrc (faili la vitufe vya bash), ila ^[ unaiandika \e:

$include /etc/inputrc
"\e[1;5C": forward-word
"\e[A": history-search-backward

Mstari wa kwanza upo kwa sababu ukiwa na .inputrc yako ile ya mfumo haisomwi tena. Wa mwisho ndo naupenda kuliko yote, unaandika ssh unabonyeza mshale wa juu inakuletea komandi zilizoanza na ssh tu. Ctrl+X Ctrl+R inalisoma faili upya bila kutoka. Ila Mac yako inatumia zsh badala ya bash, yenyewe haiangalii .inputrc, kule ni komandi ya bindkey kwenye .zshrc.

Kihariri cha VS Code ni chepesi: Ctrl+K Ctrl+S inafungua orodha yote ya shotikati (kwa Mac ni Cmd), kama kitufe kinagombaniwa na terminali ya ndani weka sharti la when, terminalFocus au !terminalFocus, yamekwisha.

Nitumie hiyo .vimrc yote niipitie, na ukiingia kwenye seva andika stty -a unikopie inachotoa, nataka kuona na Ctrl+Z (ya kusimamisha programu) wameiachaje.

Mama