Uliza Fundi: Flopi za mwalimu zimeota ukungu

Kutoka Tukuyu

Habari za Mwanjelwa kijana wangu. Mimi mwalimu mstaafu, mjukuu ndio ananichapia hapa. Nina boksi la flopi kama sitini, zile ngumu za plastiki, humo kuna nyimbo za kwaya nilizokuwa nachapa mwenyewe tangu 1996, mitihani ya zamani na mihutasari ya kikundi chetu cha wakulima wa chai. Kompyuta ya nyumbani ni ya siku nyingi, ina mlango wa flopi na USB pia inayo. Mjukuu kaanza kuhamisha toka flopi kwenda flopi nyingine tulizonunua steshenari, basi mashine inamwambia weka diski ya kwanza, toa weka ya pili, toa rudisha ya kwanza, mpaka kachoka. Na flopi tatu zinataka zifomatiwe kwanza ndio zifunguke. Tukubali?

Jibu

Shikamoo mwalimu. Msikubali! Kompyuta ikishindwa kusoma ile orodha ya mafaili iliyoko mwanzo wa diski inaona kama haijawahi kutumika, ndio maana inaomba kufomati, yenyewe haijui kama humo kuna nyimbo za Pasaka. Hizo tatu ziwekeni pembeni nitazirudia.

Na huo mchezo wa toa weka uacheni leo hii. Kompyuta yenye mlango mmoja wa flopi ikiambiwa ikopi diski kwenda diski inabeba kipande kwenye memori, inakuomba diski ya pili ikitue, halafu inataka tena ya kwanza, sasa siku mjukuu kachoka akachanganya ipi ni ipi, ile tupu inaandikwa juu ya yenye nyimbo na hapo mimi sina cha kukusaidia. Halafu mwalimu, flopi mpya siku hizi ni jina tu. Sony wenyewe waliacha kuziuza 2011, hizo za steshenari zimekaa kabatini miaka mingi karibu kama zako.

Kwa hiyo njia ni flopi kwenda ndani ya kompyuta, halafu kompyuta kwenda flashi. Boksi lako lote, flopi 60 za MB 1.44, halifiki hata MB 90, flashi ndogo kabisa ya dukani inalimeza na njaa inabaki.

Lakini kabla ya kuchomeka hata moja, fungeni flopi zote zisiandikike. Igeuze uione kwa nyuma, kona moja ina kitobo chenye kitufe kidogo cha plastiki cha kusogeza. Kitufe kikiziba tobo, flopi inaandikika. Ukikisogeza ukaona mwanga upande wa pili, imefungwa, hakuna kitakachoandikwa wala kufutwa. Ni kama kaseti tu mwalimu, unakumbuka ukivunja kile kijino cha nyuma hakuna mtu anarekodia juu ya kwaya yako. Tobo la kona ya pili halina kitufe, hilo linaonyesha tu kwamba ni flopi ya MB 1.44, achana nalo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hujaniuliza ila kwa mtu wa Tukuyu ndio chenyewe. Ukungu. Sio ule unaoshuka kutoka Rungwe asubuhi, huu mwingine unaoota kwenye viatu vilivyokaa chini ya kitanda. Mwaka wa kwanza nimefungua kibanda changu hapa Mwanjelwa aliniletea mama mmoja flopi nane, nikachomeka ya kwanza ikakwaruza krrr nikaona ah ni uzee, nikachomeka ya pili, ya tatu, ya nne, zote zinagoma, ndio akili ikanijia nikafungua ile draivu, yaani mlango wenyewe wa flopi, nikakuta kichwa cha kusomea kina utando wa kahawia. Ya kwanza ndio ilikuwa na ukungu. Zile tatu zilizofuata zilikuwa nzima kabisa na mimi ndiye niliyezikwangua. Yule mama nilimwambia ukweli, akanitazama tu, akachukua zake akaondoka.

Sababu yake ni hivi, kwenye hadidiski kichwa kinaelea juu ya sahani hakigusi, ila kwenye flopi kinagusa kabisa, na diski inazunguka mara 300 kwa dakika. Uchafu wowote unanasa hapo na flopi inayofuata inasuguliwa na uchafu wa mwenzake.

Basi mwalimu kaeni dirishani kwenye mwanga mzuri. Sogeza kile kibati cha juu kwa kidole gumba, utaona duara jeusi linang'aa kama mkanda wa kaseti. Usiliguse. Zungusha kile kichuma cha katikati taratibu huku unaliinamisha lipigwe na mwanga, mzunguko mzima, halafu geuza upande wa pili. Likiwa linang'aa lote hiyo ni safi. Ukiona madoa yaliyofifia, kama umepumulia kioo yakagoma kuondoka, hiyo ina ukungu, iweke kwenye fungu lake. Mtaishia na mafungu mawili, na zile safi ndio zinatangulia zote mpaka ziishe, ndio mfikirie zenye ukungu.

Kwenye kompyuta fungueni folda moja kubwa, ndani yake kila flopi na folda yake, iiteni vilevile ilivyoandikwa kwenye lebo na namba juu, mfano 01 Nyimbo Pasaka, na ile namba iandikeni pia kwenye flopi yenyewe kwa kalamu laini. Msichanganye flopi zote sehemu moja maana utakuta kila flopi ina faili linaitwa BARUA na la pili likiingia linamfuta mwenzie. Kopi halafu pesti, ile ya kukata msiitumie hata siku moja kwenye kazi hii, umeme ukikatika katikati unaweza kubaki huna huku na huko huna. Baada ya kila flopi fungua faili moja mbili uone kama linasomeka, sio kuona jina tu ukafurahi. Ikianza kukwaruza toa hapohapo, usiendelee kuisikiliza.

Zenye ukungu zinasafishika, pamba za masikio na alkoholi ya isopropili, mafundi simu wanayo wanasafishia saketi. Spiriti ya duka la dawa mimi siitumii, nyingine zina maji mengi na vitu vinavyobaki. Unalowesha pamba kidogo, unafuta kupitia kile kidirisha huku unazungusha, unabadilisha pamba, unaacha ikauke kabisa. Na draivu nayo ifunguliwe (kompyuta imezimwa na waya umechomolewa ukutani!) kichwa kifutwe hivyohivyo kila baada ya flopi yenye ukungu, kila moja mwalimu sio kila kumi. Mkiona mkono hauko sawa nileteeni, ila leteni na draivu yenyewe.

Maana hapo kuna jambo. Zile tatu zinazoomba fomati huenda ziliandikwa na kompyuta nyingine, ya shuleni labda. Draivu ikichakaa kichwa kinahama njia kidogo, inaandika pembeni na inajisomea yenyewe vizuri tu, ila draivu nyingine haioni kitu. Kama ile mashine ya zamani bado iko stoo mahali, ombeni draivu yake. Vilevile flopi za Macintosh kompyuta ya Windows inaziona kama mbovu, na zile za KB 720 zenye tobo moja tu, baadhi ya draivu za flopi za kuchomeka USB hazizisomi, kwa hiyo msinunue hizo kwa haraka. Hata diski yenye kidonda haijafa yote, flopi moja ina vipande 2,880 vya baiti 512, kuna programu ya bure ya mfumo wa Linux inaitwa ddrescue inavuta vipande vizima kwanza halafu inarudi kuhangaika na vibovu, mara nyingi unapoteza ubeti mmoja tu wimbo unabaki.

Na msiwashe kompyuta flopi ikiwa ndani. Vairasi vya enzi zile vilikaa mwanzo wa diski vikisubiri hapo hapo, kama Michelangelo cha 1991 kilichokuwa kinaamka kila tarehe 6 Machi, na flopi za miaka hiyo bado zinaweza kuwa nacho.

Mafaili yakikataa kufunguka kwenye Word ya sasa, sijui yalichapwa kwa WordPerfect sijui Works, wekeni programu ya LibreOffice, ni ya bure na inafungua hayo mambo ya kizamani kuliko hata wenye mali. Mwisho kopi mbili, flashi moja kwako, nyingine kwa mtoto kama yupo anayeishi mbali. Ndaga fijo mwalimu.

Kutoka Kihesa, Iringa

Kamwene fundi. Nina draivu ya Zip ya Iomega na diski nne za MB 100 zenye michoro ya ramani za kazi yangu ya zamani. Nikiweka diski inagonga kah, kah, kah, haifunguki. Nimejaribu zote nne. Kuna jamaa ana draivu kama hii nimwazime?

Jibu

Kamwene kaka. Usimwazime, utamuulia na yake! Zip, zile diski nene kama flopi zenye nafasi kubwa, zilianza kuuzwa 1995 na huo mlio una jina lake kabisa, mlio wa kifo, kichwa kimepoteza njia kinarudi mwanzo kinajaribu tena. Ubaya ni kwamba kichwa kikiharibika kinaweza kuchana ukingo wa diski, na diski yenye ukingo uliochanika ikiingia kwenye draivu nzima inanyofoa kichwa cha hiyo nayo, ni ugonjwa wa kuambukiza. Umeshaweka nne kwa hiyo zote ni washukiwa. Sogeza kibati cha kila moja uangalie ukingo wa nje na tochi, ukiona umenyofoka au una kanyuzi, hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data. Zenye ukingo laini ndio tafuta draivu nyingine ya Zip, ya USB, ya kununua sio ya kuazima, maana zile za kuchomeka kwenye tundu la printa kompyuta za leo hazina pa kuziweka.

Kutoka Makambako

Oya fundi, flashi ya GB 32 iko tupu kabisa lakini muvi ya GB 5 inagoma eti faili kubwa mno. Nimepigwa?

Jibu

Hujapigwa mdogo wangu. Flashi yako iko kwenye FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe kibao. Hamisha vilivyomo, halafu fomati (wewe ruksa, mwalimu wa Tukuyu hapana) uchague exFAT, au NTFS kama kompyuta ya nyumbani bado ni Windows XP, maana XP ilivyotoka haikuijua exFAT. Sema sasa ukimaliza, sabufa ya sebuleni inaweza ikakataa kuisoma hiyo flashi, nyingi zinaelewa FAT32 tu, kwa hiyo kama mama ana flashi yake ya nyimbo usiiguse, muvi zitafutie yake.