Kadi namba saba

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni wanafunzi gani wa sekondari wa kuangaliwa msimu huu wa mbio za nyika?" Nimefundisha michezo huku Nandi, Kenya, miaka 23. Majina ninayo, na siyatoi. Mtoto wa kidato cha pili akishaandikwa kwamba ni moto wa kuotea mbali, haipiti wiki kabla gari halijaegeshwa nje ya lango la shule, na aliyemo anajiita kocha, au meneja, au mjomba. Shule nyingine nayo itamnyakua kwa ahadi ya karo. Akiumia goti, ahadi ile haina mwenyewe.

Kwetu mama akienda shambani humwambia mtoto mkubwa, "Mwangalie mwenzio." Hamwambii amkodolee macho. Nasi wasichana wetu tumewakodolea macho sana. Mkimbiaji wetu Agnes Tirop alipata medali ya fedha ya vijana katika mbio za nyika za dunia kule Bydgoszcz, Poland, mwaka 2013. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 19, akawa bingwa wa dunia wa nyika upande wa wakubwa, huko Guiyang, China. Nani hakuwa akimtazama? Oktoba 2021 aliuawa nyumbani kwake Iten, hajatimiza hata miaka 26. Tangu hapo nikisikia mtu ni "wa kuangaliwa" huwa nauliza, na nani?

Lakini lililonifanya nichukue kalamu ni dogo kuliko hayo, na ni langu mwenyewe.

Zilikuwa mbio za kaunti ndogo, wasichana, kilomita 6. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia yenyewe ilipita kwenye malisho kando ya mashamba ya chai. Walimu tulifunga kamba za katani kwenye vigingi, tukatengeneza kichochoro baada ya mstari wa kumalizia ili wakimbiaji wapite mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kugawa kadi. Nieleze kwa wasiojua: kwenye mbio zetu hakuna mashine. Mwalimu mmoja ana saa, wa pili anaandika, wa tatu anampa kila anayeingia kadi yenye namba ya nafasi yake. Ukishapewa kadi, umeshapewa. Siku ile sita wa kwanza ndio waliokuwa wanaendelea hadi ngazi ya kaunti. Wa saba anapanda lori anarudi shule.

Kadi nilizikata usiku kutoka kwenye boksi la chaki. Wa kwanza akaingia, wa pili, halafu pengo refu. Wa tatu, wa nne na wa tano wakaja wakifuatana. Hapo nikainamisha kichwa, kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha kadi, na ya sita na ya saba zilikuwa zimegandana. Nikazibandua kwa ukucha. Nilipoinua kichwa, wasichana wawili walikuwa wameshavuka mstari, bega kwa bega, wanajishikiza kwenye kamba. Mmoja wa shule ya bweni, jezi ya manjano, miguuni spaiki, viatu vya mbio vyenye meno. Mwingine wa shule ya kutwa, sketi imekunjwa kiunoni na kukazwa kwa pini, pekupeku, tope hadi magotini. Sikuwa nimeona nani ametangulia. Mkononi nilikuwa na kadi ya sita. Mkono ukaenda kwa mwenye jezi.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini ulienda huko. Labda alikuwa karibu nami zaidi. Nadhani mkono ulifuata viatu.

Yule wa miguu mitupu aliitazama kadi yake, akanitazama mimi. Akina mama wachuma chai waliokuwa wamesimama nje ya kamba, vikapu mgongoni, walipaza sauti, "Mwalimu, si huyo! Huyu ndiye aliyetangulia!" Mwalimu wa saa akasema yeye alikuwa akisoma saa. Wa kuandika akasema anaandika kilicho kwenye kadi. Msichana mwenyewe akaipangusa kadi kwa upindo wa sketi, polepole, kama anayetaka kuisoma vizuri zaidi, akasema, "Sawa, mwalimu." Akanirudishia, maana kadi hurudishwa. Akaenda kuchukua sweta yake iliyotundikwa kwenye ua. Ilikuwa imelowa chepechepe. Akaivaa hivyo hivyo.

Ningeweza kusema waende wote wawili. Kanuni ya watu sita tuliiweka sisi wenyewe, na huko kaunti hakuna ambaye angekataa kuongeza mtoto mmoja. Sikusema. Mwaka uliofuata hakuja mbioni. Nikaambiwa yuko kidato cha nne, amebaki kusoma, nami nikaridhika na jibu hilo haraka mno. Jina la yule wa sita limenitoka. La wa saba ninalo mpaka leo.

Mwaka 2010, kule kule Bydgoszcz, msichana wa miaka 16 kutoka Keringet alimaliza wa nne katika mbio za dunia za vijana, pekupeku. Wa nne hapewi medali yake mwenyewe. Mwaka uliofuata, Punta Umbría, Hispania, akashinda, na bado pekupeku. Ndiye Faith Kipyegon, mwenye dhahabu 3 za Olimpiki za mita 1500. Naye Beatrice Chebet, mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, alifika mstarini sambamba na Waethiopia, ikabidi picha iamue kwamba bingwa wa vijana ni yeye. Miaka mitano baadaye aliondoka Paris na dhahabu ya mita 5000 na ya mita 10,000. Kila nikiikumbuka picha ile nakumbuka boksi langu la chaki. Yeye alikuwa na kamera. Wetu alikuwa na mimi.

Na hapa nilipofika, Mhariri, naona msimamo wangu wa mwanzo unanilegea. Nimesema majina siyatoi. Lakini jina la yule msichana lingekuwa limeandikwa kwenye jarida lenu wiki moja kabla, ningemtambua, na huenda mkono wangu ungesita. Kwake halikuja gari lolote. Hakuja mwovu, hakuja na mwema. Kutojulikana nako kulimgharimu.

Basi andikeni. Ila msiishie kwa watatu wa kwanza, fikeni hata wa kumi na mbili, na muende kwenye shule za kutwa ambako hakuna basi wala jezi. Muulizeni mzazi kwanza. Msitaje barabara anayofanyia mazoezi wala saa anazopita. Na mkimwandika msimu huu, mrudi msimu ujao hata kama amekuwa wa thelathini, mjue kimempata nini. Kama hayo hamyawezi, rudini kwenye aya yangu ya kwanza.

Nami nitawajibu kidogo. Jina silitoi hadi nizungumze na mamake, lakini mkija kwenye mbio zetu, msisimame mstarini. Simameni kwenye mlima wa mwisho, kwenye miti ya mikaratusi. Kuna msichana wa kidato cha tatu hufika chini ya mlima akiwa wa kumi hivi, mabega yametulia, mdomo umefumbwa. Hesabuni anaowapita. Mimi nitakuwa chini na kadi, na siku hizi tunasimama walimu wawili, na kadi nazipaka nta ya mshumaa.