Barua kwa mwanangu: Ninachokitazama Mpwapwa

Mpwapwa, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Mbukwa. Sisi huku wazima. Mama yako goti limetulia tangu baridi ipungue, na jana alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wajukuu nawasalimu wote, hasa yule mkubwa anayeogopa mbuzi.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Uliandika: "Baba, nisamehe kuuliza. Nilipokuja Pasaka niliuzunguka mji kwa saa moja nikaumaliza. Sikuona jengo hata moja la kupiga picha. Lakini kila nikikupigia nakukuta barazani unacheka na watu, na nikikuomba uhamie kwangu Kigamboni unasema hujamaliza kutazama. Unatazama nini?" Ningekujibu kwa simu, ila haya si mambo ya kusema huku vocha inakatika. Nimeshika mwiko na timazi miaka 38. Umeniuliza swali la kazi yangu, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Naanza na lile tembe la bibi yako nyuma ya nyumba ya shangazi, ulilosema linafaa kuwa banda la kuku. Wewe umebeba jina lake, na sikukasirika uliposema hivyo. Nilisikitika tu kwamba sikuwahi kukuonyesha.

Ukiwa mbali huwezi kuliona. Kuta zake ni fupi, paa ni bapa, na rangi yake ni ya udongo ule ule lilipokaa, utadhani ardhi imejiinua kidogo ikaacha mlango. Vyumba vimepangwa mstari, vikakunja kona, vikauzunguka ua walipolala ng'ombe, ili mwizi asifike zizini bila kupita mlangoni kwa watu. Babu yako alisimika nguzo, akazifunga fito kwa kamba za magome, wanawake wakakandika. Juu akalaza boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo wa unene wa shibiri hivi, ukashindiliwa mpaka ukalia. Msumari hata mmoja hakuna. Mimi nimejenga nyumba za mamilioni ambazo zimepasuka kabla mwenye nyumba hajahamia, na hili bado limesimama.

Sasa ingia nami saa nane mchana, jua likiwa utosini. Nje unahisi ngozi inaungua. Ndani kuna giza la ubaridi, na kwenye kile kitundu cha ukutani, kisichozidi kiganja, unapita mwanga mmoja mwembamba unaotua sakafuni penye jiwe la kusagia. Kila siku unatua hapo. Bibi yako hakuwa na saa. Mwanga ukifika kwenye jiwe alijua watoto wapo njiani kutoka shule. Udongo mnene unachukua mchana kutwa kupata joto, na usiku upepo wa milimani ukishuka, joto lile ndilo linalowafunika waliolala. Bati halina subira hiyo. Linapokea jua saa tatu, saa nne umeshaanza kujipepea, na usiku linakuacha na baridi yako.

Na paa ni bapa kwa sababu ya mvua. Mji wa Dodoma, makao makuu ya mkoa wetu, hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Huko kwako Dar es Salaam zinapita 1,000. Tembe hili tukilipeleka Kigamboni, masika moja tu litakuwa uji. Hapa linadumu, mradi mwenye nyumba apande kila Novemba kuziba nyufa. Tena paa hilo ni uwanja: bibi yako alianika mtama, ubuyu na majani ya mlenda huko juu, na mbuzi walijua hivyo vizuri. Kelele nyingi za utoto wangu ni za kumfukuza mbuzi aliyepanda juu ya vichwa vyetu tukiwa tunakula.

Mlango wake unanifika kifuani. Watoto wa siku hizi wanadhani wazee wa Kigogo walikuwa wafupi! Siku moja alikuja ofisa mmoja, mrefu, kavaa kofia, anakagua makazi ya watu. Akaingia bila kutazama, akajigonga, akatoka. Akarudi, safari hii kainama mpaka magotini. Bibi yako alikuwa ndani, kakaa kwenye kigoda. Kabla yule bwana hajafungua kinywa, akamwitikia: "Marahaba, mwanangu." Ofisa alicheka hadi akakaa chini pale pale mlangoni, na ukaguzi uliishia kwenye kibuyu cha togwa. Miaka mingi baadaye, kila alipopita mjini alikwenda kuinama.

Udongo wenyewe nao una kisa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, na jirani zetu wa Kongwa ndio walioanza kuupokea. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika. Yakaja matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua ilipokatika, jua likauoka ule mfinyanzi ukawa kama saruji, majembe yakalika, karanga zikang'ang'ania ardhini zisitoke. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Bibi yako alikuwa msichana wakati huo, na hadithi hiyo hakuisimulia hata siku moja bila kuimaliza hivi: "Wangetuuliza tu. Tungewaambia huo ni udongo wa paa."

Mimi nilicheka hapo kwa miaka mingi kabla sijaelewa kwamba alikuwa ananifundisha ujenzi.

Majengo ya Wajerumani na habari za reli iliyofika Dodoma 1910 sitakuandikia. Wageni wanayajua, wanayapiga picha, yana wa kuyasemea. Nakuandikia yale yasiyo na msemaji.

Kwa mfano ukuta wa jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, anayekaa karibu na barabara. Miaka kadhaa nyuma nyumba za upande ule zilipigwa X kwa rangi nyekundu, kila mtu akajua maana yake: zibomolewe kupisha barabara. Watu walilia, wengine wakaanza kung'oa milango. Yeye alikaa siku mbili kimya. Siku ya tatu akakoroga udongo mwekundu, akaanza kuchora X nyingine pembeni ya ile, halafu nyingine, hadi akazunguka nyumba nzima safu mbili, na katikati ya kila X na mwenzake akatia doa jeupe la majivu. Walipokuja wa kuhakiki, wakasimama barabarani wameduwaa. Wakamwuliza, mama, ile yetu ni ipi? Akawajibu: "Wanangu, mimi naona nakshi tu."

Mji mzima ulicheka wiki nzima, na katika kicheko hicho watu walipata nguvu ya kwenda kuuliza habari za fidia, jambo ambalo kwa kilio hawakuwa wamelifanya. Mwishowe barabara ilipita upande wa pili. Lakini mimi nilikwenda na kamba yangu kupima. Mwanangu, kati ya X na X hazipishani hata kidole! Alipima kwa shibiri ya mkono wake. Na kwenye kona, mahali ambapo mafundi wengi wa rangi huharibu, X imekunjwa katikati, nusu huku nusu kule, ukisimama pembeni unaiona nzima. Hilo halifundishwi popote. Mvua ikiyafifisha madoa ya majivu, huyaweka upya. Hapo wewe ulipita Pasaka ukiwa kwenye bajaji.

Mbele kidogo kuna ukuta ulioandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, kama kuta nyingi za nchi hii ambazo wenyewe wanahofia matapeli. Chini yake mtu akaandika kwa mkaa: Nani kakuuliza? Mwenye nyumba, badala ya kufuta, akaongeza kwa rangi ile ile ya juu: Nimejibu mapema. Aliponiita kupiga plasta upya kwa ajili ya harusi ya bintiye, aliniambia niuguse ukuta wote isipokuwa pale. Nikapazungushia fremu ya saruji, kama picha ya ukutani. Sikumtoza ile fremu.

Nikwambie na la msiba wa bibi yako, maana ulikuwa kwenye mitihani, hukuwahi. Tulipofika makaburini, mtani wetu mmoja Mhehe alishatangulia, kashuka kaburini, kalala chali kafumba macho. Hatoki, anasema, mpaka alipwe ng'ombe wao. Ng'ombe gani? "Wale waliozama." Wewe unajua jina la Dodoma wanavyolisimulia, kwamba limetoka kwenye neno la Kigogo la kuzama. Wengi husema tembo alikwama kwenye tope. Lakini wapo wanaosema wazee wetu waliiba ng'ombe wa majirani wa kusini, wakawala wote, wakabakiza mikia na kuichomeka kwenye tope. Wenye mali walipokuja wakaonyeshwa: tazameni wenyewe, wamezama. Na jina hilo ndilo la makao makuu ya nchi tangu uamuzi wa 1973.

Basi tulisimama pale, jeneza mabegani, tunalia, na tukaanza kucheka machozi hayajakauka. Nilimpa shilingi elfu tano. Akazihesabu akiwa amelala, akasema hiyo ni bei ya mkia. Nikaongeza. Alipotoka alinikumbatia akalia kuliko mimi, kisha akashika koleo, na udongo wa kwanza baada ya sisi watoto ulikuwa wake. Nimehudhuria misiba ya mijini yenye maturubai mazuri na maua, lakini sijaona mahali mtu aliposaidiwa kubeba mzigo ule kama nilivyosaidiwa siku ile.

Sasa ile picha ya nyumba uliyonitumia, ya kuficha bati. Nimeipenda, na kujenga naijua. Nimeshajenga tatu hapa. Ukuta unapanda kulipita paa, bati linalala ndani, maji yanakusanywa kwenye mfereji uliojificha, na mfereji ukiziba majani siku moja tu, dari yote inashuka. Kwa hiyo lazima upande kusafisha kabla ya mvua. Bibi yako aliiona ya kwanza nikiwa bado nasimamisha kuta. Aliizunguka na mkongojo wake, akaangalia lile umbo bapa juu, akasema, "Mmerudi kwenye tembe, ila udongo mmeusahau." Tangu siku hiyo kila nikipita barabarani naziona nyumba hizi mpya na matembe yaliyobaki kama mama na watoto wasiojuana.

Nitakujengea, mama yangu, ila kwenye kile kiwanja cha upande wa barabara. Tembe tuliache. Na ukikubali, sebule yako nitaiwekea dari ya udongo juu ya boriti, bati likae juu yake mbali kidogo upepo upite katikati. Nimeshaichora kwenye daftari. Utalala mchana bila feni.

Novemba napanda kuziba nyufa. Udongo nimeshauchagua, wa kichuguu kule bondeni, na nyasi shangazi yako anaziweka. Omba ruhusa kazini uje na watoto, siku nne zinatosha. Wavae nguo za kuchafuka. Mkubwa nitampa fimbo alinde paa dhidi ya mbuzi, ataacha kuwaogopa. Na wewe njoo saa nane mchana, uniletee maji ya kunywa humo ndani. Uiname vizuri mlangoni. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda cha bibi yako, nakusubiri nikuitikie.

Baba yako