Sindano inaruka kwenye santuri iliyopinda

SWALI: Mkono wa gramafoni yangu una uzito tendaji (uzito ambao sindano inauhisi mkono unaposogea) wa gramu 20. Nimeufunga kichwa cha sindano cha gramu 6, chenye ulegevu (kipimo cha jinsi sindano inavyonyumbuka) wa 30. Santuri zilizopindwa na joto zinatikisa koni za spika bila sauti, na sindano inaruka. Niongeze uzito wa kukandamiza? Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi.

JIBU: Hapana, ndugu. Ukipita kiwango cha mtengenezaji, mpira unaoshika sindano utachoka na tumbo la kichwa litagusa santuri. Kosa ni ndoa ya mkono mzito na sindano laini mno.

Piga hesabu: jumlisha mkono, kichwa na skrubu (gramu 1 hivi), upate 27. Zidisha kwa ulegevu, 810. Tafuta kipeuo cha pili chake, 28.5, kisha gawanya 159 kwa hicho: Hz 5.6 (mara 5.6 kwa sekunde), ndio mtetemo wa asili wa mkono na sindano. Inatakiwa 8 hadi 12. Chini ya hapo, mtetemo hukutana na mawimbi ya santuri iliyopinda. Juu yake, hukaribia besi ya muziki.

Tafuta kichwa chenye ulegevu wa 10: utapata Hz 9.7. Angalia lakini, hesabu hii inataka ulegevu uliopimwa kwa Hz 10, na watengenezaji wengi wa Japani huupima kwa Hz 100. Namba yao izidishe kwa 1.7 hadi 2 kwanza.