Taa ya chungwa kwenye seva: usiizime kwanza

Ndugu wa Bungoma, nimesoma swali lako. Seva ya shule, Dell PowerEdge yenye diski nne, taa ya mbele iliyokuwa buluu sasa inapepesa rangi ya chungwa tangu mvua kubwa ya juzi. Walimu bado wanaingiza alama na ada bila shida, na fundi mmoja amekwambia uizime na kuiwasha, taa itaondoka. Nakuomba usifanye hivyo leo.

Mashine inayofanya kazi huku inalalamika bado inakupa nafasi ya kunakili data. Ukiizima, diski iliyochoka inaweza kukataa kuamka, na wewe hujajua bado kama ni diski, pawa saplai (kifaa kinachoilisha seva stima), feni au memori inayolalamika. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fanya bekapu kwenye diski ya nje, kisha ufungue baadhi ya faili hizo kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli zinafunguka.

Taa ile ya mbele inasema jambo moja tu: kuna hitilafu mahali fulani ndani. Kwenye Dell, buluu iliyotulia ni uzima, buluu inayopepesa ina maana mtu amewasha alama ya kuitambulisha mashine kati ya wenzake, na chungwa inayopepesa ni hitilafu. Usibebe maana hizo ukaenda nazo kwenye HP. Seva ya HP ProLiant ikiwa nzima huonyesha kijani, ikidhoofika hupepesa chungwa, ikizidiwa hupepesa nyekundu, na buluu yake ni ya kujitambulisha tu. Nimewahi kuitwa usiku Milimani kwa sababu ya taa ya buluu ya HP ambayo mfanyakazi aliiwasha kwa kiwiko alipokuwa akifagia.

Sasa tafuta kidonda chenyewe. Ondoa kifuniko cha mbele, utazame kila diski. Diski ya Dell ina taa mbili: moja hupepesa kijani kila inaposomwa au kuandikwa, nyingine ni ya hali yake, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kijani iliyotulia ni salama. Chungwa inayopepesa haraka, kama mara nne kwa sekunde, ni diski iliyokwisha. Ikienda kijani, kisha chungwa, kisha ikazima, mashine inatabiri kwamba diski hiyo inaelekea kufa. Kijani inayopepesa polepole ni diski inayojengwa upya, na hiyo usiikaribie hata kwa kidole. Tofauti hizi huzioni kwa kutupa jicho mara moja. Simama mbele yake nusu dakika, au piga video kwa simu.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja upande wa Kondele, Kisumu. Seva yao ilikuwa na diski nne katika RAID 5, mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, unaovumilia kufa kwa diski moja, si mbili. Kijana wa ofisi alinisomea ujumbe kwenye skrini: diski 2 imekufa. Nilikuwa nimeshika diski mpya mkononi na wateja wamepanga foleni nje. Nikahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, nikavuta. Mashine hizi huanza kuhesabu kwenye 0. Diski 2 ni ya tatu. Mimi nilivuta diski 1, iliyokuwa nzima kabisa, na papo hapo mfumo wote ukaanguka. Nikairudisha haraka, lakini kadi ya RAID ikaihesabu kuwa diski ngeni na ikakataa kuipokea. Tulirejesha bekapu ya Ijumaa, na kazi ya siku tatu ikaingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye risiti za karatasi. Wale akina mama wa uhasibu walikaa hadi saa nne usiku. Mpaka leo nikikumbuka nyuso zao naona uchungu, maana taa ya diski ya tatu ilikuwa inapepesa chungwa pale pale mbele yangu, nami nilitazama skrini badala yake.

Tangu hapo sivuti diski bila mambo matatu kukubaliana: rekodi ya matukio ya seva inasema namba gani, taa ipi inapepesa, na namba ya utambulisho ya diski (serial number) kwenye programu ya usimamizi. Namba hiyo pia imeandikwa kwenye kibandiko cha diski, kwa hiyo ukishaitoa, ilinganishe tena kabla ya kuingiza mpya. Programu hiyo pia inaweza kuiamuru diski unayoitaka ipepese kijani ili uitambue. Tumia nafasi hiyo, haigharimu kitu.

Kwa kuwa kwako shida ilianza na mvua, mimi ningezunguka nyuma mapema. Huku kwetu radi na stima inayopotea na kurudi kwa kishindo huumiza pawa saplai kuliko kitu kingine. Kama seva yako ina mbili, moja ikifa nyingine hubeba mzigo wote, ndiyo maana walimu hawajahisi lolote. Tazama taa ya kila pawa saplai: kijani iliyotulia ni nzima. Chungwa inayopepesa, ina hitilafu. Isipowaka kabisa, basi stima haiifikii, na hapo anza na kebo, soketi na UPS (betri ya akiba) kabla ya kulaumu kifaa. Ile yenye hitilafu ichomeke kwa kebo na soketi nyingine unazojua zinafanya kazi, bila kugusa kebo ya ile nzima: taa ikirudi kijani, kosa liko nje ya seva. Kule Luanda, Vihiga, nilikuta waya wa kuongezea soketi umeungua ndani, pawa saplai ikiwa nzima kabisa, na tayari walikuwa wameagiza nyingine Nairobi. Ukinunua iliyotumika, wati zilingane na ile iliyobaki. Ukichomeka ya wati 750 kando ya 495, taa yake itapepesa kijani mara chache kisha izime, na haitafanya kazi.

Joto nalo lipo, hasa Kisumu kwenye majengo ya karibu na ziwa, ambako wadudu wadogo huvutwa na taa usiku na kuziba matundu ya hewa pamoja na vumbi. Bungoma hali ni nafuu, ila tazama feni na matundu. Memori ni nadra kuharibika na mvua, rekodi itakutajia kipande chenyewe.

Rekodi hiyo utaipata kwenye iDRAC, mfumo wa Dell wa kuisimamia seva kwa mbali, kupitia kivinjari cha kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule, bila kuzima kitu. Angalia saa zake kwa makini. Baadhi huandika saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kwenye hizo ukiona 18:40, kwetu ilikuwa saa tatu na dakika arobaini usiku. Linganisha na wakati stima ilipopotea kwenu, utajua kama ni mvua kweli au ni jambo lililokuwepo tangu wiki jana bila mtu kuliona. Usiifute rekodi hata ukiambiwa kwamba kufuta kutaondoa chungwa. Ipige picha kwanza, ukurasa kwa ukurasa.

Ukimaliza bekapu, weka hapa namba ya modeli, video ya sekunde thelathini ya diski zote nne, nyingine ya nyuma kwenye pawa saplai, na picha ya rekodi. Kama ni pawa saplai moja tu, shule inaweza kuendelea na kazi mpaka nyingine ifike. Kama ni diski, tuambie kwanza ni RAID ya aina gani, na usivute kitu kabla hatujahesabu pamoja kuanzia 0.